Maji ya rejeta yanapungua, na chini ya gari hapana hata tone

Swali: "Assalamu alaikum. Nina Toyota Noah ya mwaka 2004 ninayoitumia kuchukulia wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda Nungwi na Kendwa, safari moja au mbili kwa siku. Kwa kiasi cha miezi miwili sasa, kila baada ya siku tatu au nne nikifungua rejeta asubuhi nakuta maji yameshuka, na huongeza kama robo lita ya maji ya bomba mpaka yafike shingoni. Kichupa cha pembeni kimejaa mpaka juu, kwa hiyo huko naona hakuna tatizo. Chini ya gari hapana hata tone, isipokuwa maji safi ya kiyoyozi. Mshale wa joto haujapata kupita katikati, na oili ni safi. Fundi wa kwanza aliitoa themostati (vali inayozuia maji kwenda rejetani mpaka injini ipate joto), akasema nchi ya joto kama yetu haiihitaji. Wa pili aliona bomba la moshi linatoa maji asubuhi, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua na lazima injini ifunguliwe. Kabla sijatoa fedha, naomba ushauri."

Jibu: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuruhusu injini iguswe, kwa sababu kufungua silinda hedi, yaani kifuniko kikubwa cha juu ya injini, ni kazi ambayo hata ikifanywa na fundi hodari humgharimu mwenye gari gasketi (utando unaoziba baina ya hedi na injini), bolti na siku kadhaa bila ya kipato, na wakati mwingine hurudisha gari likiwa na hitilafu ndogo ambazo hazikuwapo. Wasiwasi wako, kama nilivyouelewa, ni kwamba maji yanapotea bila ya kuonekana yanakopita, na kwa kuwa hayaonekani nje umeambiwa kwamba hapana budi yanaingia ndani ya silinda. Hoja hiyo ina mantiki yake, lakini imeruka hatua nyingi katikati. Tena katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo inaonekana mafundi wote wawili hawakuuliza, nalo ni hicho kichupa kilichojaa mpaka juu. Wewe umelitaja kama habari njema. Mimi nilipofika hapo ilinibidi nirudi kusoma tangu mwanzo.

Mfumo wa kupoza injini kama hiyo hubeba kiasi cha lita saba za maji, na zaidi kidogo ikiwa gari lina hita ya nyuma. Maji yakipata joto hutanuka. Kutoka digrii 27 za asubuhi hadi digrii 90 hivi ambazo injini huzifanyia kazi, lita saba huongezeka kwa karibu robo lita, na yakiwa yamechanganywa na kulanti, ile dawa ya rejeta, huongezeka zaidi ya hapo. Kwa kuwa rejeta ilikuwa imejaa, ongezeko hilo halina pa kukaa, kwa hiyo huisukuma vali iliyomo ndani ya kifuniko, hupita katika mpira mwembamba ulio shingoni mwa rejeta na kwenda kupumzika kichupani. Usiku injini inapopoa maji hunywea, na kunywea huko huvuta: vali nyingine ndogo iliyo katikati ya kifuniko hufunguka kuelekea ndani, na maji yale yale hurudi rejetani kwa njia ile ile. Gari zima hupumua namna hiyo kila siku, kama bahari inavyokupwa na kujaa, na mwenye gari asiye na desturi ya kufungua rejeta hapati habari.

Sasa chukulia kwamba ile vali ndogo imeganda, au mpira wa kifuniko umekauka na kupasuka, au mpira mwembamba una ufa. Maji yatakwenda kichupani kama kawaida lakini hayatarudi, na badala yake rejeta itavuta hewa, au itashindwa kuvuta chochote na mpira mkubwa wa juu utaonekana umenywea kama chupa ya plastiki iliyonyonywa. Asubuhi utakuta rejeta imepungua kwa robo lita. Utaijaza mpaka shingoni, na safari ya siku hiyo itasukuma robo lita nyingine. Baada ya mara chache kichupa kitakuwa kimejaa pomoni, na kuanzia hapo kila ziada itatoka kwenye tundu lake la juu na kumwagika barabarani, pengine baina ya Mahonda na Kinyasini, ambako hakuna mtu wa kuinama kutazama. Nyumbani utakuta sakafu kavu.

Kiasi unachoongeza kinalingana mno na hesabu hii, haiwezi kuwa ni bahati tu. Liko pia jambo ambalo nadhani hujalijaribu kwa sababu unajaza kila unapofungua: je, usingeongeza, maji yangeendelea kushuka? Uvujaji wa kweli hausimami, leo robo lita na wiki ijayo lita nzima. Lakini maji yaliyokwenda kichupani yakakosa kurudi hushuka mara moja kisha hutulia, maana ile nafasi ya hewa iliyobaki juu ya rejeta inatosha kupokea mtanuko wa siku inayofuata.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukosea. Miaka mingi nyuma nilifungua hedi ya gari la mtu wa Makunduchi mwenye malalamiko kama yako. Niliikuta gasketi nzima kabisa, haina doa wala njia ya moto, na hedi imenyooka. Nikabadilisha kila kitu kwa kuwa tayari nilikuwa nimefungua, nikafunga, na baada ya wiki yule bwana akarudi na maji yakiwa yameshuka vile vile. Dawa yake ilikuwa kifuniko ambacho bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya ile gasketi. Fedha za kazi nilimrejeshea, lakini siku zake sita bila ya gari sikuwa na namna ya kumrejeshea.

Kwa hiyo anza na kifuniko, na ukifungue asubuhi tu, injini ikiwa baridi kabisa. Mvuke unaotoka kwenye rejeta ya moto huunguza uso na mikono kabla mtu hajawahi kurudi nyuma. Kipindue ukitazame kwa mwanga mzuri. Utaona sahani yenye mpira wa duara inayosukumwa na springi, na katikati yake kidude cha chuma kidogo kama kifungo cha shati la mtoto. Kivute taratibu kwa kucha: kinatakiwa kitoke bila ya ubishi na kirudi chenyewe unapokiachia. Katika magari mengi ya hapa Unguja ninakikuta kimeshikwa na ukoko mweupe ule ule unaouona ndani ya birika la chai. Pitisha kidole kwenye mpira wa duara pia. Ukiwa mgumu kama ganda, au una alama ya mkato, kifuniko hicho kimekwisha. Ukinunua kingine, nambari iliyoandikwa juu ifanane na ya kile kilichotengenezewa gari, ambayo kwa Toyota nyingi ni 0.9 au 1.1. Nambari hiyo ni kipimo cha shinikizo. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo la 0.9 juu ya lile la hewa huchemka karibu na digrii 118 badala ya 100, na ndiyo maana kifuniko kibovu huweza kuifanya injini nzima yenye afya ichemshe. Usishawishike kuweka chenye nambari kubwa zaidi ukidhani unaongeza kinga, kwani rejeta na mipira yake havikukusudiwa kubeba mzigo huo.

Kisha chomoa ule mpira mwembamba pande zote mbili, uupulize kwa mdomo huku umeziba upande wa pili, na uukunje kutafuta ufa, hasa pale unapobanwa shingoni. Fungua na kichupa chenyewe. Ndani yake mpira unatakiwa ushuke mpaka karibu na chini, uwe umezama majini muda wote. Nimekuta magari ambayo kipande hicho cha ndani kimekatika au kimechomoka, kikabaki kinaning'inia juu ya maji, na hivyo kila usiku rejeta huvuta hewa wakati kichupa kimejaa. Tazama pia ubavu wa kichupa na bati lililo chini yake. Ukiona michirizi iliyokauka, ya waridi kama kulikuwa na kulanti ya Toyota au myeupe kama ni maji matupu, basi umeshaona maji yako yanakopita.

Ukishaweka kifuniko kipya na kuhakikisha mpira ni mzima, jaza rejeta mpaka shingoni, punguza maji ya kichupa mpaka alama ya chini, na utie alama yako mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Fanya safari zako kwa siku tatu bila ya kuongeza chochote, ila kila asubuhi fungua, tazama vyote viwili na uandike. Ikiwa rejeta imejaa na kichupa kimebaki pale pale, huna tatizo jingine, na fundi wa pili umshukuru kwa ushauri wake uende zako. Ikiwa rejeta imejaa lakini kichupa kinashuka siku hadi siku, kifuniko sasa kinafanya kazi yake na kinatuonesha kwamba maji yanatoka mahali pengine. Na ikiwa rejeta inaendelea kupungua huku kichupa kinaongezeka, pamoja na kifuniko kipya na mpira mzima, basi kuna kitu ndani kinachoyasukuma maji kwa nguvu kuliko inavyopaswa, na hapo ndipo neno gasketi linapostahiki kutajwa.

Tuchukue kwanza hali ya kichupa kushuka. Watu wengi huamini kwamba gari linalovuja lazima liache dimbwi, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi kuliko yote. Uvujaji mdogo hutokea injini ikiwa ya moto na mfumo umejaa shinikizo. Tone moja likigusa chuma chenye digrii 90, au bomba la moshi ambalo lina joto zaidi ya hilo, hugeuka mvuke kabla ya kufika chini. Baadaye injini inapopoa, shinikizo hupungua na ufa huweza kujifunga. Kinachobaki ni chumvi na chokaa iliyokuwamo ndani ya maji, yaani ukoko. Kwa hiyo tafuta ukoko, usitafute maji. Anza na pampu ya maji, ambayo chini ya shingo yake ina tundu dogo lililowekwa makusudi ili maji yakipita kizibo cha ndani yatokee hapo. Mstari wa ukoko chini ya tundu hilo unatosha kuihukumu pampu. Tazama mahali ambapo tangi la plastiki la rejeta limebanwa na sehemu ya aluminiamu, kwa sababu plastiki hiyo ikizeeka hubadilika rangi kuwa kahawia na hupasuka nywele moja moja. Tazama ncha za mipira yote, chini ya klipu zake.

Sehemu moja husahauliwa sana kwetu kwa kuwa hakuna anayeitumia, nayo ni hita. Hata kama hujaiwasha tangu gari lilipoteremshwa bandarini, maji ya moto yanaifikia, na kirejeta chake kidogo kilichojificha nyuma ya dashibodi huweza kutoboka. Dalili zake ni zulia lenye unyevu upande wa abiria wa mbele, harufu tamu isiyoeleweka, na kioo cha mbele kuingia ukungu wa mafuta mafuta. Usilichanganye zulia hilo na maji ya kiyoyozi ambayo bomba lake limeziba: maji ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu, na hayaachi utelezi vidoleni. Usiyaonje hata hivyo. Kulanti ni tamu na ni sumu, na kichupa kilichomwagika uani kinaweza kumdhuru mtoto au paka. Kama gari lako lina hita ya nyuma, mabomba yake nayo yakaguliwe, kwani hewa yetu ya chumvi haikioni chuma ikakiacha.

Kwa ukaguzi huu kipo kifaa kinachostahiki kuwamo katika kila gereji, nacho ni pampu ya mkono yenye saa ya shinikizo inayofungwa mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi, fundi hupampu mpaka ifike nambari ya kifuniko, asizidishe, kisha huacha. Sindano ikisimama kwa nusu saa, nje ni salama kwa kiasi kikubwa. Ikishuka, uvujaji unajitokeza ukiwa baridi, maji yanaonekana yakiwa maji na hayawahi kukauka. Mimi hupenda kuiacha usiku kucha pale ninaposhuku silinda, na asubuhi hutoa plagi zote na kupiga stati mara moja. Silinda iliyonyonya maji itayarusha kama dawa ya kunyunyizia. Mtu asisimame mbele ya matundu hayo.

Kuhusu maji ya bomba la moshi, ambayo ndiyo ushahidi pekee uliopewa, naomba ulijue hili: lita moja ya petroli ikiungua kikamilifu huzalisha karibu lita moja ya maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo ndani ya mafuta huungana na oksijeni ya hewa. Bomba likiwa baridi maji hayo hugeuka matone na hudondoka; likishapata joto hutoka kama mvuke usioonekana. Kila gari zima la petroli hapa mjini hudondosha maji asubuhi, na katika miezi ya masika hata mvuke mweupe kidogo si ajabu. Dalili ya kweli ni moshi mweupe mzito unaoendelea hata baada ya mwendo wa dakika ishirini na wenye harufu tamu, au injini inayotetemeka sekunde chache za mwanzo kama vile silinda moja haijaamka, au plagi moja iliyotoka nyeupe na safi huku wenzake wakiwa na rangi ya kahawia. Hukutaja hata moja ya hizi. Vilevile, utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili si hukumu peke yake, kwani gari la safari fupi katika hewa yenye unyevu hulifanya hivyo. Kinachotisha ni utando huo ukionekana kwenye kijiti cha kupimia oili.

Ikiwa baada ya siku zako tatu rejeta inapungua na kichupa kinajaa, omba kipimo cha gesi. Ni chupa yenye dawa ya buluu inayowekwa shingoni mwa rejeta injini ikiwa inanguruma; hewa inayotoka humo hupitishwa kwenye dawa, na kama ndani yake kuna moshi wa petroli, dawa hugeuka manjano. Kipimo hiki hakihitaji kufungua hata nati moja ya injini. Fundi akikwambia hana haja nacho kwa sababu anajua kwa kutazama, mshukuru kwa adabu umtafute mwenye nacho.

Sitaki kukuficha kwamba injini yako ina udhaifu unaojulikana. Noah za miaka hiyo zina injini ya 1AZ-FSE, ya ukoo mmoja na 2AZ-FE iliyomo katika Camry na baadhi ya RAV4. Katika ukoo huo bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ni la aluminiamu, na nyuzi zinazoshika bolti za hedi, hasa za upande wa nyuma unaoelekea ndani ya gari, huweza kung'oka baada ya miaka mingi, zaidi kama injini iliwahi kuchemsha. Hedi hulegea kidogo upande huo, maji huanza kupenya juu ya bomba la moshi, hukauka papo hapo, na mwenye gari huona kile kile unachokiona wewe: maji yanapungua na hapana tone. Kwa hiyo fundi wako wa pili huenda akawa sahihi kwa sababu ambayo hakuitaja. Mwambie atumie kioo kidogo cha mkono na tochi kutazama mstari baina ya hedi na bloku kwa nyuma, atafute ukoko. Kama upo na kipimo cha shinikizo kinashuka, kufungua ni lazima.

Ila ukifungua kwa sababu hiyo, kuweka gasketi mpya pekee ni kupoteza fedha, maana bolti zitakazwa katika nyuzi zile zile zilizokwisha. Matundu yanatakiwa yatobolewe kwa kipimo na kutiwa nyuzi mpya za chuma, kazi inayotaka mkono uliowahi kuifanya na kifaa cha kushikilia tobo lisiende upande. Hedi nayo ipelekwe kwa fundi wa mashine akaipime unyoofu kwa rula ya chuma. Upindo unaovumilika ni mdogo sana, 0.05 ya milimita hivi. Bolti hukazwa kwa spana ya kipimo kisha huzungushwa digrii 90, na kazi hiyo huzivuta, kwa hiyo za zamani zipimwe urefu au zibadilishwe. Wapo watakaokushauri uweke injini nyingine ya mtumba kutoka Japani. Kwa gari la biashara ushauri huo si mbaya, kwani gari hurudi barabarani mapema, lakini unanunua injini ya ukoo ule ule, na hujui huko ilikotoka ilichemsha mara ngapi. Kama nyuzi zimeng'oka tundu moja au mawili tu na fundi mwenye ujuzi yupo, ningetengeneza iliyopo. Kama injini inakula oili pia, ningebadilisha.

Narudi kwa fundi wa kwanza. Themostati irudishwe, hata kama Zanzibar haina baridi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kulidhibiti hapo, kwa kuwa injini inayofanya kazi ikiwa na ubaridi hula petroli zaidi na huchakaa silinda mapema. Themostati nyingi za Toyota zina vali ya pili kwa nyuma inayofunga njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila ya kupita rejetani kabisa. Ndiyo maana baadhi ya magari yaliyotolewa themostati huchemsha zaidi kwenye foleni ya Darajani kuliko yalivyokuwa yakichemsha kabla.

Na maji unayoongeza nayo yana neno. Kwa miezi miwili umetia zaidi ya lita nne za maji ya bomba katika mfumo wa lita saba, na kwa kuwa kila mara ulichopoteza kilikuwa mchanganyiko, karibu nusu ya kulanti uliyokuwa nayo imeshaondoka. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji yetu hutoka humo. Karibu na pwani huwa na chumvi pia. Chokaa hujenga ukoko katika vijia vyembamba vya rejeta, na chumvi hula aluminiamu. Kulanti haikuletwa kwa ajili ya barafu ya Ulaya peke yake, kwani ndani yake mna dawa za kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Mambo yakitulia, mwaga yote, suuza, kisha jaza kulanti na maji yaliyotoneshwa nusu kwa nusu, au ile iliyochanganywa tayari, ambayo haiongezwi maji. Dukani maji hayo huitwa maji ya betri, lakini fungua macho, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa katika chupa zinazofanana. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na manyunyu ya mwanzo ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Dawa za kuziba matundu zinazotiwa rejetani usizitie, na ile binzari ya manjano ambayo baadhi ya madereva huisifia iache iende kwenye mchuzi. Nimefungua rejeta iliyotiwa manjano, na vijia vyake vilikuwa vimekwama kama sufuria iliyounguzwa chini.

Mambo machache hayasubiri jaribio la siku tatu. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, oili ya giaboksi otomatiki ikawa ya waridi na nzito kama mtindi, maji yakipungua zaidi ya lita moja kwa siku, au mipira ya rejeta ikawa migumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini ya baridi, gari lisiwashwe tena. Livutwe mpaka gereji yenye vipimo nilivyovitaja. Usiutegemee sana mshale pia. Katika magari mengi umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda na kushuka, na sensa yake ikibaki katika mvuke badala ya maji huweza hata kushuka wakati injini inaungua. Mshale unaoanguka ghafla ukiwa njiani una hatari sawa na unaopanda.

Likikufika hilo ukiwa na wageni, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na feni yake iende kwa kasi, ingawa abiria watakulalamikia, maana hita ni rejeta ya pili na itakusaidia kufika pahala pa kuegesha pembeni. Zima injini, fungua boneti, waombee wageni gari jingine, na kifuniko usikiguse mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta kwa muda bila ya kukitoa. Maji ya baridi usiyamwage ndani ya injini ya moto hata kama wapita njia wanakuhimiza kwa nia njema. Hedi nyingi nilizozipokea zimepasuka katika dakika hiyo.